Mtu wa Tatu Atawajibika

"Wananchi watukufu wa Jamhuri ya Sihusiki! Kwa uwezo niliopewa na Katiba, ambayo niliiandika mwenyewe nikiwa na homa, natangaza kwamba kuanzia leo hakuna raia atakayeumizwa na makubaliano ya watu wengine kisha akaambiwa hayamhusu. Dunia itatuonea wivu. Vizazi vitasimulia. Historia itapiga magoti mbele ya... ah... ah... tchiaa!"

Hayo ni maneno ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, neno kwa neno, pamoja na chafya. Chafya siwezi kuiacha. Nchini Sihusiki lolote linalotoka kinywani mwa Mtukufu akiwa jukwaani ni sheria, na chafya ile iliingizwa kuwa kifungu cha pili. Mpaka leo hakuna ofisi ya serikali inayofunguliwa asubuhi kabla mkuu wake hajapiga chafya. Wale ambao pua zao hazina uzalendo wa kutosha hupewa pilipili manga kwa gharama ya umma.

Mimi ni mwandishi mnyenyekevu wa ubao wa habari wa Shule ya Bweni ya Wavulana ya Nidhamu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba taarifa nzuri huandikwa kwa nafsi ya tatu: alifanya, walikwenda, ilitokea. Nafsi ya kwanza, anasema, ni ya barua za mapenzi na ya maungamo. Kwa kuwa sina mpenzi wala dhambi, nitaeleza yaliyotokea bila kujichomeka popote.

*

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalouma.

Zamani, Sihusiki ilikuwa nchi ambayo watu wawili wangeweza kukubaliana kuchimba shimo katikati ya njia. Babu wa watu akitumbukia, mchimbaji alisema, "Mimi sina makubaliano na huyu mzee." Aliyemlipa mchimbaji naye alisema, "Hata mimi simjui." Babu alibaki shimoni akisubiri kujulikana. Jaji mmoja mwenye huruma aliona aibu, akatunga sheria yenye maneno manne tu: MTU WA TATU ATAWAJIBIKIWA. Maana yake, wawili wakikubaliana jambo, na jambo hilo likamuumiza mtu wa tatu ambaye hakuwamo, wale wawili watamjibia. Jaji alistaafishwa wiki ileile kwa sababu za kiafya, yaani afya ya Waziri wa Sheria, ambaye alisoma sheria hiyo na presha ikampanda.

Lakini Mtukufu alikuwa ameshaahidi sherehe, na sherehe haziahirishwi.

Mtukufu hasomi karatasi, kwani karatasi humkumbusha shule. Kwa hiyo sheria zetu hupitishwa kwa halaiki: wanafunzi hupangwa jukwaani, kila mmoja na kibao chake cha plaiwudi chenye herufi moja, ngoma inapigwa, vibao vinapanda, Mtukufu anasoma, na kile alichosoma ndicho sheria. Shule yetu iko jirani na uwanja. Kwa maneno mengine, sisi ndio Bunge.

Asubuhi ile Bunge halikunywa uji. Walimu walihofia kwamba mbunge mmoja angeomba ruhusa ya kwenda chooni wakati Mtukufu anasoma. Tuliwekwa juani na matumbo matupu, na nyuma kabisa ya jukwaa, kwenye uzio, Bi Siwema alikuwa anakaanga mandazi ya hiliki.

Bi Siwema ni mama wa makamo mwenye mikono ya unga na ulimi wa pilipili. Anakaanga kwenye jiko moja, karai moja, chini ya bati moja. Hana kingine duniani, na hamdai mtu chochote isipokuwa salamu. Harufu ya karai lake ilipanda jukwaani taratibu, ikapita kwa MTU, ikapita kwa WA, ikapita kwa TATU, ikafika kwenye neno la mwisho na kuketi hapo.

Inasemekana kwamba wanafunzi wawili, mmoja mwenye I na mwingine mwenye W, waliokaa karibu na mwisho wa neno hilo, waliteremka nyuma ya jukwaa na vibao vyao makwapani. Majina yao hayajathibitishwa.

Mwalimu wa halaiki aliona pengo. Hakuuliza ni la nini. "Bananeni hapo!" alifoka. "Mtukufu hapendi mapengo!"

K na A wakabanana. Ngoma ikalia. Vibao vikapanda. Mtukufu akavaa miwani, akasoma kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni:

"MTU WA TATU ATAWAJIBIKA!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Waziri wa Sheria, Mheshimiwa Daktari Sembuse, alijua fika kwamba neno limepungua. Alionekana akifumbua mdomo, akamtazama Mtukufu, akaufumba. Baadaye alieleza kwamba ulikuwa mwayo wa furaha.

Vibao vyote vikapelekwa Mahakama Kuu na kupigiliwa ukutani, hivyohivyo vilivyobanana. Serikali ikatangaza kwamba hivyo vibao ndivyo sheria yenyewe, na mwenye shaka aende akavitazame.

*

Msomaji ambaye hajawahi kuishi Sihusiki anaweza kudhani nchi ilishtuka. Sivyo kabisa. Nchi ilipumua. Hatimaye kila kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa wewe, wala yule uliyekuwa naye.

Magari mawili yakigongana, madereva hawakutukanana tena. Walishuka, wakapeana mikono, wakatazama huku na huku kama wawindaji. "Yule pale, mwenye kikapu!" "Mkamate!" Watu walijifunza kukimbia kila waliposikia breki. Kwenye foleni ya benki palikuwa na mtu wa kwanza, mtu wa pili, nafasi, kisha mtu wa nne. Wakunga walianza kuzalisha kwa kupiga kelele kutoka nje ya dirisha, maana ndani kulikuwa na mama, na mtoto, na hesabu unaijua. Timu yetu ya taifa ya riadha ilipewa medali ya shaba huko ugenini, ikaikataa kwa hofu na kuomba nafasi ya saba.

Wakubwa walinona. Na kwa kuwa wakubwa wa Sihusiki ni watu wa elimu, walitunza pia sarufi. Katika hotuba zao hakuna mtu anayefanya kitu, vitu hujifanyia vyenyewe. Fedha hupotea. Dawa huadimika. Daraja hubomoka. Ukimsikia Waziri Sembuse akisoma taarifa ya mwaka utadhani anasimulia nchi isiyo na binadamu, yenye vitu tu vinavyotembea vikiharibika.

Ndipo ukaja mnara.

*

Waziri Sembuse, ambaye pia alikuwa Waziri wa Maji siku za Jumanne, aliingia mkataba na Injinia Mahewa wa kujenga mnara wa tangi la maji kando ya uwanja. Injinia Mahewa ni mtu mrefu, mwenye kofia ya chuma anayoivaa hata msikitini. Alichanganya mchanga na mchanga, akaongeza maji, akapaka chokaa. Mnara ukazinduliwa ukiwa mkavu na ukasifiwa sana. Waziri alisema haujawahi kuvuja hata tone.

Siku walipotia maji, ulianguka. Ulianguka kwa upande wa uzio, juu ya bati la Bi Siwema. Karai lilipinda, mandazi yalitawanyika, na mguu wa Bi Siwema wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Yaliyofuata nimeyasikia kwake mwenyewe. Alipotoka hospitali na plasta yake, alikwenda kwa magongo mpaka ofisi ya Injinia.

"Mnara wako umenivunja mguu," alimwambia.

"Wewe ni nani kwangu?" Injinia aliuliza kwa upole.

"Mimi ndiye mwenye huu mguu."

"Sikuulizi habari za mguu. Wewe na mimi tumewahi kuwekeana sahihi?"

"Nilikuwa nakaanga mandazi, baba. Sahihi ya nini?"

"Basi. Mnara ule nilikubaliana na Waziri. Angevunjika Waziri, tungezungumza kama watu wazima. Wewe umevunjika nje ya mkataba."

Akaenda kwa Waziri. Waziri Sembuse alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu mama, kaa. Oh, huwezi kukaa. Basi simama. Oh, kusimama nako taabu. Basi tuharakishe. Nimeambiwa mguu umevunjika."

"Umevunjwa, Mheshimiwa."

"Umevunjika, mama. Tuheshimu vitenzi. Sasa tuhesabu pamoja, maana serikali hii ni sikivu. Katika mkataba wa mnara, mtu wa kwanza ni nani?"

"Si wewe?"

"Vizuri. Wa pili?"

"Injinia."

"Umesoma wapi, mama? Una akili sana. Na mguu ni wa nani?"

"Wangu."

"Kwa hiyo wewe ni mtu wa...?"

"Wa tatu," alisema Bi Siwema.

Waziri akagonga kengele. Karani akaingia, akapiga chafya ya kufungulia, akainua kalamu. "Andika," Waziri alisema. "Amekiri bila kulazimishwa."

*

Mashtaka yalikuwa matatu: kuuzuia mnara wa serikali usifike chini kwa uhuru, kuharibu zege kwa kutumia mguu, na kuwa mtu wa tatu mahali pa wazi. Adhabu iliyoombwa ilikuwa Bi Siwema aujenge mnara upya kwa mikono yake, au aende jela mpaka utakapojengeka. Jiko na kila kilichokuwa chini ya bati lake kitaifishwe. Vitu hivyo vilishaletwa na kupangwa juu ya meza ya mahakama kama vielelezo: jiko, karai lililopinda, mwiko, kipande cha ubao alichofunikia mandazi, na kibao cha biashara chenye herufi M kubwa, M ya mandazi, bado kina waya wa kuning'inizia.

Shule yetu ilipelekwa Mahakama Kuu kusikiliza kesi kama somo la uraia. Mimi nilikaa mbele kwa cheo changu cha mwandishi. Ubavuni mwangu alikaa rafiki yangu Ndaro, ambaye tangu tuingie alikuwa anaitazama meza ya vielelezo na kutokwa jasho, sijui kwa nini.

Hakimu Ngwali alinusa pilipili manga, akapiga chafya, na kikao kikaanza.

"Mshtakiwa, unalo la kusema kabla sijakufunga?"

Bi Siwema alishika gongo lake. "Ninalo, Mheshimiwa. Hawa wanafunzi walifanya mazoezi nyuma ya jiko langu kutwa nzima, siku nyingi. Walikuwa wakiimba, mtu wa tatu atawajibikiwa. Atawajibikiwa! Nilishalizoea, nilikuwa nakandia nalo unga. Siku ya sherehe likatoka atawajibika. Neno lile limetolewa utumbo."

"Neno limepungua," Waziri Sembuse alisema akiwa amekaa. "Halikupunguzwa."

"Waulizeni wenyewe! Si hawa hapa?"

Hakimu akageuza miwani upande wetu. Bunge zima likainamisha vichwa na kusoma viatu vyake.

Msomaji, nakuomba uelewe hali yangu. Kule mbele kulikuwa na mama aliyenipa... aliyewapa wanafunzi wengi mandazi ya mkopo. Mguu wake ulikuwa mzito kama kisiki, na karani alikuwa tayari ameshaandika neno "jela" akiacha nafasi ya tarehe. Mwandishi mwenye uwezo wa kuisaidia mahakama kwa nafsi ya tatu, bila kumchoma mtu yeyote, anyamaze? Nikasimama.

"Kaa chini, we!" Ndaro alininong'oneza, akinivuta shati. "Utatuponza!"

"Mheshimiwa Hakimu," nilisema, kwa sauti ya taarifa ya habari, "mimi naripoti tu. Inasemekana wanafunzi wawili, ambao majina yao hayajathibitishwa, waliondoka mstarini kwa sababu za lishe. Mmoja alishika I, mwingine W. Walifika kwa Bi Siwema. Yule wa I alikula mandazi matano, akatosheka. Yule wa W alikula zaidi, akaomba chai ya kusukumia, na chai ilikuwa ya moto. Alikuwa bado anaipuliza, mara tukasikia makofi uwanjani, na..."

Nilihisi ukumbi umebadilika.

"Mkasikia?" aliuliza Bi Siwema.

"Wakasikia," nilisema.

"Umesema tukasikia."

"Ulimi umeteleza."

"Ulimi wako umeteleza ukaangukia kwangu, mwanangu. Hiyo tu- ni yako na nani?" Akanikazia macho, na sura yake ikafunguka taratibu. "Ngoja kwanza. Si wewe yule wa chai? Uliyeniachia vibao viwili ukasema, 'Bi Siwema, nishikie, narudi sasa hivi'?"

Ndaro alikuwa tayari ameshateremka chini ya benchi. Kutoka huko nilisikia sauti nyembamba ikisema, "Yeye."

Ilikuwa rahisi kusema hivyohivyo. Nchi nzima husema hivyo. Kidole changu kilishaanza kushuka kuelekea chini ya benchi. Lakini Bi Siwema alikuwa ananitazama na plasta yake. Hakuwa na hasira, ila alikuwa anasubiri, kama anavyosubiri mteja aamue kama anataka moja au mawili.

"Mimi," nilisema.

Karani aliacha kuandika. "Hilo linaandikwaje?" alimuuliza Hakimu.

Nikaenda mezani. Nikachukua kile kipande cha ubao alichofunikia mandazi, nikafuta mafuta kwa mkono wa shati. Chini ya mafuta kulikuwa na rangi ya serikali: mstari mmoja mnene, umesimama. I. Kisha nikachukua kibao cha biashara, M ya mandazi, nikakigeuza juu chini.

W.

"Pingamizi!" Waziri alirukia. "Hiyo ni M! Serikali ilishaitambua kama M!"

Nikaenda ukutani, nikapanda juu ya benchi, nikaachanisha K na A, nikavichomeka vile vibao viwili pale vilipokuwa vinatakiwa kukaa siku zote. Ukumbi mzima ukasoma kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza: MTU WA TATU ATAWAJIBIKIWA.

Hakimu Ngwali alivua miwani, akaivaa. Sheria ilikuwa ni vibao, na vibao vilikuwa vinamtazama. "Mshtakiwa yuko huru," alisema kwa masikitiko. "Tena anawajibikiwa. Sasa, nani anamwajibikia?"

"Yeye ndiye aliyejenga," Waziri alisema, akimwonyesha Injinia.

"Yeye ndiye aliyepokea kazi," Injinia alisema, akimwonyesha Waziri.

"Yeye ndiye aliyenitambulisha kwake."

"Yeye ndiye aliyesema mchanga unatosha."

Walirushiana yeye mpaka jua likahama dirisha moja hadi la pili. Yeye zilijaa ukumbini kama nzi. Mwishoni Hakimu aligonga meza.

"Mahakama imemtafuta kwa uangalifu mtu wa kuwajibika," alisema. "Imemsikiliza Waziri, imemsikiliza Injinia, imesikiliza hata benchi. Katika mwenendo wote wa shauri hili, neno 'mimi' limetamkwa na mtu mmoja tu kwa maana ya kukubali kosa. Sheria inasema lazima pawe na wa kujibu. Huyu amejitokeza. Mnataka nikatafute mwingine wa nini?"

Waziri Sembuse alikuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Alinishika mkono, akanishukuru kwa niaba ya taifa, akasema vijana kama mimi ndio tunaohitajika, hasa sasa. Injinia Mahewa akapewa hapohapo kandarasi ya kujenga mnara upya. Ameahidi kwamba safari hii hautatiwa maji kabisa.

*

Basi naungama. Mimi ndiye W. Sikuwa na njaa kuliko wenzangu. Nilitaka tu kuona kama kuna mtu mzima hata mmoja katika uwanja ule atakayegundua. Aligundua mmoja, akapiga mwayo. Nilicheka kila usiku bwenini, mpaka mnara ulipoanguka, siku ambayo sikucheka.

Adhabu yangu ni kumtumikia Bi Siwema kila baada ya masomo mpaka mguu utakapopona: kuteka maji, kuwasha jiko, kukanda unga. Ndaro hupita akanunua mandazi, akaniita "Mheshimiwa Mimi", akaondoka akichekelea. Bi Siwema hukaa kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitoa amri. Mbele ya bati jipya amening'iniza kibao kingine cha M, alichokichora mwenyewe kwa mkaa, na juu yake ameweka kidoti ili mtu asithubutu tena kukigeuza.

Jana nilikuwa naharakisha ili niwahi mpira. Kiwiko kikagonga sinia, na unga wa siku nzima ukaenda chini, kwenye vumbi.

Bi Siwema aligeuza shingo. "Kuna nini huko?"

"Unga umemwagika," nilisema.

Alinyoosha gongo lake taratibu, akaligusisha kwenye plasta, akasubiri.

"Nimeumwaga," nilisema.

"Haya," alisema Bi Siwema. "Chota mwingine."